Saa 30 kwa Sahihi Moja

SWALI

Mwalimu, habari za kazi?

Mimi ni mshauri nasaha wa miaka 29, nina digrii ya saikolojia ya ushauri. Huu ni mwaka wa pili nikifanya kazi katika kituo cha jamii hapa Eastlands, Nairobi. Kwa wiki naona wateja kumi na wawili hadi kumi na watano: mambo ya ndoa, waliopimwa wakapatikana na virusi vya UKIMWI, vijana wa pombe na bangi, wajane. Nataka kuomba usajili kwa Bodi ya Washauri na Wanasaikolojia nipate leseni, na nahitaji saa za usimamizi zilizotiwa sahihi, yaani saa za kuketi na msimamizi kupitia kesi zangu.

Msimamizi wangu ndiye meneja wa kituo. Kila Ijumaa tunaketi dakika ishirini. Anauliza wateja ni wangapi, wapya wangapi, waliorudi wangapi, kwa sababu ripoti ya wafadhili hutoka mwisho wa mwezi. Kisha anatia sahihi. Sikumbuki siku aliyoniuliza nilimwambia mteja nini. Ijumaa iliyopita nilimwambia nimechoka, hata usingizi sipati. Akasema wote tumechoka, nimletee takwimu za Mei.

Sasa saa zangu hazitoshi. Ameniambia nipeleke daftari anijazie saa 30 kwa mpigo, tarehe tutazipanga, nami nimtumie shilingi 300 kwa kila saa kwa M-Pesa. Wenzangu wawili walifanya hivyo na hakuna aliyewauliza kitu. Njia nyingine ni kikundi cha usimamizi kinachokutana mjini, watu 12, saa mbili kwa mwezi, shilingi 1,500 kila mmoja.

Huko kwenye kikundi unatakiwa kuleta kesi, na hapo ndipo ninapokwama. Kesi zangu naona hazina uzito. Kwa mfano huyu mama niliyemwona Jumanne (nimebadilisha mambo yake):

Mteja: Nimechoka tu.
Mimi: Pole sana. Umejaribu kupumzika?
Mteja: Kupumzika ndiyo nataka. Kupumzika kabisa.
Mimi: Sawa. Na watoto wanaendeleaje?
Mteja: Watoto wako sawa.

Kwenye faili niliandika kwa Kiingereza kwamba mteja ana uchovu na msongo wa kazi, arudi baada ya wiki mbili. Sasa hapo nitamwambia msimamizi nini?

Nizikubali hizo saa 30? Nitapataje msimamizi wa kweli bila kukosana na meneja? Na kesi hupelekwa vipi?

Mshauri, Eastlands

JIBU

Dada, maswali yako matatu yatajibiwa. Tuanze na huyo mama wa Jumanne, maana yeye hawezi kungoja leseni yako.

"Nimechoka tu" inaweza kuwa na maana kumi. "Kupumzika kabisa" ina chache. Kwetu mtu akifa tunasema amepumzika. Tunalitumia neno hilo msibani kila siku. Kwa hiyo mteja amekwambia jambo, tena kwa lugha ambayo wewe unaielewa kuliko mtu yeyote, nawe ukamuuliza habari za watoto. Akakujibu kwa adabu na akanyamaza. Huenda hakuwa na maana ya kufa. Lakini hujui, na faili lako linasema unajua.

Mpigie leo aje, usingoje wiki mbili. Ikiwa simu wanatumia pamoja na mume au dada, jitambulishe kama mlivyokubaliana, na usiache ujumbe wowote wenye maelezo. Akifika, uliza waziwazi: "Ukisema kupumzika kabisa, unafikiria kufa? Unafikiria kujiua?" Washauri wengi huogopa kwamba swali hilo litampa mteja wazo. Halimpi. Shirika la Afya Duniani limelikanusha jambo hilo mara nyingi, na mara nyingi mtu huhisi ametuliwa mzigo. Akikubali, endelea pole pole: mawazo hayo huja mara ngapi, amefikiria njia gani, hicho anachofikiria kutumia kipo nyumbani, amepanga lini, amewahi kujaribu. Kisha uliza ni nini kimemzuia mpaka leo, maana jibu la hapo ndilo mtakaloshikilia.

Akiwa na mpango, njia iko karibu na muda ni mfupi, asiachwe peke yake hata kwenda chooni kwa muda mrefu. Mwite jamaa ambaye yeye mwenyewe anamkubali, mfike pamoja kwenye idara ya dharura ya hospitali kubwa iliyo karibu, au Hospitali ya Mathari, ile ya magonjwa ya akili. Ikiwa ni mawazo bila mpango, andikeni mpango wa usalama kwenye ukurasa mmoja: dalili za kwamba mambo yanaharibika, anachoweza kufanya mwenyewe, watu wawili wa kuwapigia, mahali pa kukimbilia usiku, na nani atakayeondoa nyumbani sumu ya panya au vidonge vilivyobaki. Mwone tena baada ya siku mbili au tatu. Jamaa wakiogopa polisi, waambie kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kilitangazwa na Mahakama Kuu kuwa kinyume cha Katiba mnamo Januari 2025.

Mjulishe meneja leo hiihii, kwa mdomo na kwa maandishi. Ndiyo, huyohuyo. Hatari ya mteja haingojei msimamizi mzuri apatikane. Faili la Jumanne usilifute wala usiliandike upya; ongeza maelezo mapya yenye tarehe ya leo, na maneno ya mteja uyaandike kama alivyoyasema, kwa Kiswahili. Kikao kilikuwa cha Kiswahili, faili la Kiingereza, na katikati hapo ndipo "kupumzika kabisa" ilipogeuka uchovu wa kazi. Hili hutokea katika vituo vingi vya Nairobi, na Sheng hupotea hata zaidi.

Umeuliza ungemwambia msimamizi nini kwa kesi kama hiyo. Hakuna haja ya kumwambia kitu. Ungemwonyesha hiyo mistari mitano tu, naye angeusimamisha mkono wako kwenye mstari wa tatu. Kazi ya usimamizi ni hiyo: sikio la pili kwa lile ambalo lako limeliruka.

Tena angalia jambo moja katika barua yako. Ulimwambia meneja umechoka, akakuuliza takwimu. Mteja alikwambia amechoka, ukamuuliza watoto. Hatukulaumu, jambo hili lina historia katika taaluma. Mwaka 1955 Harold Searles wa Marekani aliandika jinsi yaliyo kati ya mteja na mtaalamu yanavyojirudia kati ya mtaalamu na msimamizi wake, na waliomfuata wakaona kwamba mambo hushuka pia kutoka juu kwenda chini. Mshauri asiyesikilizwa Ijumaa hukosa masikio Jumanne. Huko kukosa usingizi kwako, kwa hiyo, ni jambo la kupeleka kwenye usimamizi, na likizidi, ni jambo la kupeleka kwa mshauri wako mwenyewe. Hivyo ni vitu viwili tofauti: msimamizi anauliza uchovu wako unamfanyia nini mteja, hakutibu.

Sasa saa 30. Usikubali.

Kifungu cha 320 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kupata usajili, leseni au cheti kwa udanganyifu ni kosa, na daftari lina majina mawili: la aliyetia sahihi na la aliyelipeleka, ambalo ni lako. Shilingi 9,000 za M-Pesa huacha ujumbe wenye tarehe, jina na kiasi. Na madaftari ya kujazwa kwa mpigo hujichongea yenyewe: kalamu moja kurasa sita, kila kikao dakika 60 kamili, hakuna aliyeugua wala kuahirisha, na vikao viwili vimeangukia sikukuu za Mashujaa na Jamhuri. Wenzako hawakuulizwa kwa sababu hakujatokea jambo. Mteja akidhurika au akilalamika, la kwanza kuitishwa ni rekodi za usimamizi.

Ijumaa zako za nyuma hazijapotea zote. Pitia daftari uone ni zipi mlizozungumzia kesi hasa, hata kwa dakika nane. Hizo ziandike dakika nane, kwa tarehe yake. Zilizobaki zilikuwa mikutano ya kazi, na mikutano ya kazi haiingii. Hapo pia angalia makosa ambayo washauri wengi hufanya bila nia mbaya: saa za kuona wateja na saa za usimamizi ni safu mbili tofauti; kikundi cha watu kumi kwa saa moja na nusu ni saa moja na nusu, si kumi na tano; mteja ambaye hakufika hahesabiwi, hata kama ulimngoja. Idadi inayotakiwa isome kwenye masharti yanayotumika sasa ya Bodi ya Washauri na Wanasaikolojia, iliyoundwa kwa Sheria ya mwaka 2014, wala si kwenye kundi la WhatsApp. Tena uanachama wa chama cha kitaaluma, kama KCPA cha washauri na wanasaikolojia wa Kenya, si leseni. Ni milango miwili, na kila mmoja una fomu zake.

Kuhusu meneja: tatizo kubwa si tabia yake. Kiswahili chetu kinatuponza kidogo hapa, kwa kuwa neno "usimamizi" linabeba kazi ya bosi na kazi hii ya kitaaluma pamoja, na kituo chako kimezifunga katika mtu mmoja. Brigid Proctor wa Uingereza alizigawa kazi za msimamizi wa kitaaluma mara tatu: kulinda maadili na kiwango cha kazi, kukuza ujuzi, na kumtegemeza mshauri asizimike. Anayeamua kama mkataba wako utaongezwa Desemba anaweza kujaribu ile ya kwanza. Ya tatu hawezi, kwa sababu wewe hutamwonyesha pale ulipokosea. Mtu hafunui kidonda mbele ya anayeshika kalamu ya kumfuta.

Kwa hiyo usimwendee kwa malalamiko wala kwa habari ya zile pesa. Mwendee kwa ombi ambalo itakuwa rahisi kwake kulikubali: "Bosi, kwa ajili ya usajili nahitaji msimamizi wa nje aliyesajiliwa. Ijumaa yetu ibaki ya takwimu na mipango. Naomba saa mbili kwa mwezi za kazi, na mkataba wa pande tatu ili ujue kesi za hatari zitakufikiaje." Neno "hatari" humtuliza meneja, kwani linamlinda hata yeye. Muulize kama bajeti ijayo ya mradi inaweza kuwa na mstari wa usimamizi wa kitaaluma. Wafadhili wengi hulielewa hilo wakiombwa mapema, na wachache hulielewa likija katikati ya mwaka. Kuhusu saa 30 sema tu: "Asante, lakini nitaziandika zile zilizofanyika." Asipokupa sababu ya kuongeza neno, usiongeze.

Kumtafuta msimamizi, anza na nambari yake ya usajili na uihakikishe kwa Bodi mwenyewe. Kisha mpigie na umuulize: amesomea usimamizi, au ni mshauri mzoefu tu? (Ni kazi mbili. Dereva hodari si lazima awe mwalimu wa udereva.) Yeye anasimamiwa na nani? Ana wasimamiwa wangapi sasa? Anasikiliza Kiswahili na Sheng bila kutafsiriwa? Nikipata mteja wa hatari Alhamisi saa kumi na moja jioni, nitampigia na atapokea? Swali hili la mwisho ndilo la kupima. Anayesema "tutaongea kikao kijacho" mwache.

Mkitaka kuanza, andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja au miwili: siku na muda, ada, kuahirisha kwa notisi ya saa 24, siri na mipaka yake, nani anashika rekodi, ripoti ya mwisho itasema nini na utaisoma kabla haijatumwa, mkitofautiana mtakwenda kwa nani. Kulipia muda wa msimamizi ni halali kabisa. Kulipia sahihi ni jambo jingine, na tofauti yake utaiona kwenye risiti: moja inasema dakika 60 za tarehe fulani, nyingine haina risiti.

Kile kikundi cha 12 tukipigie hesabu. Dakika 120, ondoa 20 za salamu na kufunga, zinabaki 100. Mkigawana sawa ni dakika nane kila mmoja, ambazo hazitoshi kufungua kesi. Wakileta kesi watu watatu kwa mkutano, zamu yako inafika kila baada ya miezi minne, na kwa miezi minne wewe umeketi na wateja zaidi ya mara 190. Kwa kulinganisha, BACP, chama cha washauri cha Uingereza, kinawataka hata washauri waliokomaa wenye ithibati yake wapate angalau saa moja na nusu ya usimamizi kwa mwezi, na programu za Marekani zilizo chini ya CACREP, chombo kinachoidhinisha masomo ya ushauri, humpa mwanafunzi wa mazoezi wastani wa saa moja kwa wiki, akiwa peke yake au na mwenzake mmoja, pamoja na kikundi. Kikundi si kibaya. Unajifunza kwa makosa ya wenzako bila aibu. Lakini kisiwe chakula chako chote. Tafuta washauri wengine wawili wa Eastlands mumchukue msimamizi mmoja kwa dakika 90. Akitoza, tuseme, shilingi 3,000, kila mmoja anatoa 1,000 na ana nusu saa yake kila mara. Kabla ya kulipa muulize msimamizi kama muda wa aina hiyo unaandikwa kama wa kikundi au wa mtu binafsi, kwa sababu fomu huvitenganisha.

Tumalizie na kesi. Usipeleke maisha ya mteja tangu kuzaliwa. Dakika thelathini zitaishia kwenye harusi yake. Peleka nusu ukurasa: alama badala ya jina, rika lake, ni kikao cha ngapi, kilichomleta, na swali moja unalotaka kutoka nalo. Kisha peleka dakika kumi za kikao chenyewe, neno kwa neno. Ikiwa huna rekodi ya sauti, ziandike ndani ya saa moja baada ya kikao, kabla hujapanda matatu, kwa sababu ukifika nyumbani utakuwa umeshajirekebisha. Gawa karatasi safu tatu: alichosema, nilichosema, na kilichonipata mimi. Safu ya tatu ndiyo watu huacha wazi, nayo ndiyo ghali. Katika kesi ya Jumanne, pale kwenye "sawa, na watoto" ungeweza kukuta: tumbo lilikaza, nikaangalia saa, niliogopa akisema nitafanya nini. Hapo una swali tayari: mimi huogopa nini mteja akikaribia kifo?

Ukirekodi, pata idhini ya maandishi inayotaja sababu, nani atasikiliza na siku ya kufuta, na mteja ajue kwamba akikataa atahudumiwa vilevile. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Zima ile programu inayopakia faili zako kwenye mtandao usiku bila kukuuliza, usitume sauti kwa WhatsApp hata kwa msimamizi, na ifuteni pamoja mwishoni mwa kikao cha usimamizi. Vituo vya mabati vina tatizo lao: maikrofoni ya simu hushika mazungumzo ya mteja wa chumba cha pili, ambaye hakukupa idhini. Huko andika kwa mkono.

Daftari lijaze siku hiyohiyo: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, ni kikao cha mtu mmoja au kikundi, alama za kesi, mstari mmoja wa mlichokubaliana, sahihi mbili. Zile kurasa za Ijumaa zenye saa ambazo hazikuwa usimamizi usizichane. Kila mstari usio wa kweli ukate kwa mstari mmoja unaosomeka chini yake, andika "mkutano wa kazi", tia tarehe na sahihi yako pembeni, na umwonyeshe msimamizi mpya siku ya kwanza.